Mustafa Kauliwa Kwenye Tamthilia: Je, Mke Ameachika?



 

Limetufikia suali kutoka mbali na visiwa vyetu. Limetoka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa huko Ruvuma, mwisho wa njia inayoteremka kutoka milima ya Mbinga. Muulizaji ni mama mzaliwa wa Pemba aliyeolewa huko na mume anayefanya biashara ya usipa, ambao ndio dagaa wa ziwa hilo. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa kiza, kama dagaa wa kwetu. Mbalamwezi ikiwaka vyombo hubaki ufukweni na wanaume hubaki majumbani, na nyumba yenye dishi ndiyo inayogeuka kuwa baraza ya mtaa.

Usiku mmoja wa namna hiyo walikuwa wakitazama Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa na Azam TV. Jirani mmoja akasema kuwa Mustafa, mtoto wa Sultan Suleiman, atakuja kuuliwa na babake. Mume wa muulizaji akakataa, ubishi ukapanda, na mwisho akatamka mbele ya watu: "Suleiman hawezi kumuua mwanawe. Mustafa akiuliwa na babake, mke wangu kaachika." Watu wakacheka. Siku zikapita, na Mustafa akaingia katika hema la baba yake asitoke hai. Mama huyu ameandika kuwa kila mtu pale alikuwa akilia, na yeye alikuwa na vilio viwili. Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto. Anauliza kama ameachika kwa jambo la televisheni. Anauliza pia kama kuna dhambi kwa kumlilia Mustafa vile na kumlaani Hurrem usiku kucha.

Nitaanza na suali la pili, kwa sababu ukilifahamu hilo la kwanza litakuwa jepesi zaidi. Ama hukumu ya kutazama tamthilia zenyewe, habari ya kutazama yaliyo haramu na habari ya sala zinazopotea kwa kusubiri kipande kiishe, mengi yamekwisha kusemwa na sitayarudia hapa.

Kulia hakuna ubaya. Moyo wa mwanadamu umeumbwa unaguswa, na hauulizi kwanza kama aliyeonewa ni mtu wa kweli au wa hadithi. Bibi zetu walitulaza kwa ngano na sisi tukawalilia watoto wa kambo waliokuwamo, hakuna aliyetuambia kuwa ni dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim. Na alipokwenda kumtazama Saad bin Ubada katika ugonjwa wake akalia, aliwafundisha Masahaba kuwa Allah haadhibu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, kisha akaashiria ulimi wake: kinachomponza mtu, au kumpatia rehema, ni hicho. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim, na suali letu lote limo humo. Mama huyu alipolia, alikuwa salama. Alipofungua mdomo kulaani, na mumewe alipofungua mdomo kuapia ndoa yake, wote wawili walitoka katika tamthilia wakaingia katika mambo yanayoandikwa.

Kuhusu Hurrem, wengi wanasahau kuwa hawa si watu waliobuniwa. Hurrem alikuwa mke wa Sultan Suleiman, Muislamu, aliyefariki mwaka 1558 na kuzikwa Istanbul pembezoni mwa Msikiti wa Suleymaniye. Miaka sita kabla ya kufa kwake ilianzishwa kwa jina lake takiya ya kulisha masikini katika mji wa Quds, na pishi lake linaendelea kulisha watu mpaka zama zetu. Mustafa naye aliuliwa kweli, mwaka 1553, katika kambi ya baba yake karibu na Ereğli, jeshi likielekea Uajemi. Watu wa zama zake walimlilia kama alivyoliliwa Mbamba Bay. Askari walighadhibika, mshairi Yahya wa Taşlıca akamtungia kasida ya maombolezo, na waziri mkuu Rustem Pasha akaondolewa katika uwaziri, akaja kurejeshwa baadaye. Lakini Hurrem alihusika kwa kiasi gani katika mauaji yale? Hilo wanahistoria wanalijadili hadi leo. Yale mazungumzo ya chumbani, vile vicheko mbele ya kioo na zile barua za siri tunazoziona zimeandikwa na watunzi wa tamthilia, wa kwanza wao akiwa Bibi Meral Okay, aliyefariki mwaka 2012 kabla ya kazi yenyewe kumalizika. Hata Uturuki kwenyewe walizozana: mwaka huohuo Erdoğan, akiwa waziri mkuu, aliishutumu hadharani kwa namna ilivyomchora Sultan.

Sasa mtu akimlaani Hurrem, amemlaani nani? Akisema moyoni kuwa huyu mwanamke wa mchezo ni mbaya, hilo ni wazo, na Allah ameusamehe umma huu kwa yanayopita nafsini maadamu hayajatamkwa wala kutendwa. Akitamka laana kwa jina, imemwendea Muislamu aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita, na ushahidi wake ni mchezo wa televisheni. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Mama wa Mbamba Bay atake maghfira na amwombee Hurrem rehema, yatosha.

Upande mwingine wa kosa hilohilo ni kumshika mchezaji kwa yale aliyoyacheza. Ramadhani ya mwaka 2020 televisheni ya taifa ya Pakistan, PTV, ilianza kuonesha Ertuğrul kwa Kiurdu, na watu wakampenda mno Halime, mke wa Ertuğrul, kwa stara na ushujaa wake. Wakaenda kumtafuta mchezaji wake, Esra Bilgiç, katika mtandao wa Instagram, wakamkuta amevaa kama wanavyovaa wachezaji wengi wa Istanbul. Wakamporomoshea maneno. Wapo waliomwambia kuwa ameiaibisha Halime! Huyu bibi alikuwa amefanya kazi yake na kurudi kwake. Waliompa cheo cha mama wa waumini wa Uturuki ni wao watazamaji, na waliomvua ni wao pia. Na kwetu yapo. Nimesikia kijana akisema anataka mke kama Halime, na dada mmoja akimpima mumewe, mchukuzi wa bandarini, kwa kipimo cha Ertuğrul. Mume wa watu hana farasi.

Tuje kwenye talaka.

Mtu akisimulia talaka ya mwingine, au mwalimu akiitamka darasani kufundisha, au mchezaji akimwambia mchezaji mwenzake "nimekuacha", hakuna talaka ya msemaji hapo, kwa sababu hakukusudia kuitamka iwe yake. Wanazuoni wa Kishafi wamelieleza hili katika mlango wa talaka, na aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi analijua. Mume wetu hakusimulia. Alisema "mke wangu", na mke wake alikuwa amekaa palepale. Kwamba watu walicheka hakumsaidii, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa nikahi, talaka na kurejea mzaha wake huhesabiwa kama kweli.

Alichofanya kinaitwa kuitungika talaka, yaani kuifunga kwenye sharti. Kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kuwa sharti likitimia, talaka inaanguka. Wanafunzi wangu wawili walipolisikia suali hili waliruka na jawabu moja: sharti halikutimia, kwa sababu hakuna aliyeuliwa. Mehmet Günsür, aliyecheza nafasi ya Mustafa, aliinuka akafuta vumbi akaenda kula. Ni hoja ya kuchangamsha darasa, lakini maneno ya mtu hufahamika kwa desturi ya wazungumzaji na kwa nia yake, na pale ukumbini kila mtu alifahamu kuwa anazungumzia kuuliwa ndani ya mchezo. Ukitaka kuyapeleka maneno yake kwa Mustafa wa kweli ndio mbaya zaidi, maana huyo alishauliwa mwaka 1553, na talaka ingekuwa imeanguka palepale kabla jirani hajajibu.

Ipo kauli nyengine, ya Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, kwamba mwenye kuitamka talaka kwa namna ya kiapo, akitaka kuhimiza au kuzuia jambo au kutilia nguvu maneno yake na wala hataki kumuacha mke, hicho ni kiapo. Kikivunjika atatoa kafara iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi au kuwavisha au kumkomboa mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Sheria ya Misri namba 25 ya mwaka 1929 imechukua njia iliyo karibu na hiyo kwa talaka inayokusudiwa kumfanya mtu atende jambo au aliache. Mume huyu hakuwa akimzuia mtu na jambo. Alikuwa akithibitisha ubishi wake tu, na kauli ya Ibn Taymiyya inamgusa zaidi kuliko hiyo ya Misri.

Ipi atachukua? Hilo siwezi kumkatia kwa barua ya mkewe. Nia ni ya mume, naye ndiye wa kuulizwa: alikusudia nini, aliwahi kutoa talaka kabla ya hii, na maneno yake yalikuwa hayo hasa au yapo mengine? Waende wote wawili kwa Sheikh wa Wilaya wa BAKWATA, ama Nyasa au Mbinga, wakae naye awasikilize.

Lakini kuna jambo lisilongoja safari, nalo ni eda. Ikiwa talaka ilianguka, na mume hakuwahi kutoa mbili kabla yake, ni talaka moja rejea, kwa kuwa hakutaja idadi. Mke yumo katika eda ya tohara tatu, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Eda ikimalizika bila kurejewa, patahitajika nikahi mpya, mahari mapya na walii, na walii yuko Pemba. Kwa hiyo nilimjibu mama huyu kuwa mume aseme leo, kwa ulimi, "Nimemrejea mke wangu," na mashahidi wawili wasikie ndio bora. Asitie "kama" ndani yake, hiyo "kama" ndiyo iliyowafikisha hapa. Ikiwa talaka ilianguka, amemrejea. Ikiwa haikuanguka, maneno hayo hayamdhuru kitu. Na wajue kuwa kwa Mashafi kurejea ni kwa kauli. Kurudi chumbani kimyakimya, kama wengi wanavyofanya hata hapa Unguja, hakuhesabiwi kuwa ni kurejea.

Kulala kwake na watoto kulikuwa sawa mpaka hapo, maana mke wa talaka rejea ni haramu kuingiliwa kabla ya kurejewa. Asihame nyumba. Suratut Talaq imekataza kumtoa mke nyumbani katika eda na yeye kutoka, na nafaka yake iko kwa mume.

Ndugu zetu wanaoolewa na kuoa Bara wanahitaji kulijua na hili. Sisi Zanzibar Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya serikali, inayokwenda kwa Sheria namba 9 ya mwaka 2017, na mke mwenye shaka kama huyu anapata mlango wa kugonga. Bara kadhi hayumo katika mahakama za serikali. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haivunjiki mbele ya dola mpaka shauri lipite Baraza la Usuluhishi na mahakama itoe amri ya talaka. Mke anaweza akawa ameachika kisharia na bado yumo ndoani katika vitabu vya serikali, hawezi kuolewa na pengine hapewi matunzo. Neno lililotoka kwa ubishi wa tamthilia linaweza kumuweka mwanamke katika hali hiyo kwa miaka. Na wanaoapia wake zao kwa ubishi wa mpira, nao wasome hapa.

Sheikh wa Wilaya akihukumu kuwa talaka ile ilianguka, mume amebakiwa na mbili ikiwa hakuwahi kutoa talaka kabla yake, na waiandike tarehe yake pamoja na majina ya waliokuwapo.

Wallahu aalam.