Betri za dagaa na mimba za mwaloni

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani, kwa mwanga. Zamani ulikuwa mwanga wa karabai. Siku hizi, kutoka mwalo wa Kibirizi hadi Katonga na Ujiji, huko Kigoma, taa za LED zinazotumia betri zimechukua nafasi yake. Mvuvi amepumua, maana mafuta ya taa yalikuwa yakimlia faida kila usiku. Lakini betri nayo huchoka, na ikichoka ina soko. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya asidi, kama ile ya gari, ni madini ya risasi, na mnunuzi wa chuma chakavu huilipia kwa kilo.

Bei hiyo ya kilo haihesabu mtoto aliye tumboni. Betri ikipasuliwa uani na risasi yake kuyeyushwa kwenye jiko la mkaa, vumbi na moshi humwingia anayeifanya kazi hiyo na anayepika karibu yake. Risasi hupenya kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Huweza kuharibu mimba, kuleta uzazi wa kabla ya wakati na kudhoofisha ubongo unaojengwa. Isitoshe, hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mimba inapodai kalisi, mifupa huitoa pamoja na risasi, hata kama mama aliiacha kazi zamani.

Mombasa walilipa gharama hiyo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka 2007 kilifungwa mwaka 2014, baada ya Phyllis Omido, mfanyakazi wake wa zamani ambaye mwanawe mchanga aliugua kwa sumu ya risasi, kuongoza upinzani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wala si mama peke yake wa kuulizwa kazi. Ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, huko Lubumbashi, watafiti walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za wazi na wengine 108 wasio nazo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuweza kuitaja metali moja kuwa ndiyo chanzo, lakini kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni baba kufanya kazi inayohusiana na migodi: uwezekano wa kasoro uliongezeka takriban mara tano. Kwa hiyo fundi betri anayerudi nyumbani na nguo za kazi anapaswa kuhesabiwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Ni sheria nzuri, ila mwaloni mwajiri ni nani? Mwenye chombo, fundi na mama wa dagaa kila mmoja anajitegemea. Naona mzigo uanzie kwa mwingizaji wa betri: auze mpya kwa kupokea iliyochakaa, ikiwa nzima na asidi yake ndani, naye mvuvi apunguziwe bei. Bila punguzo hilo, betri itaendelea kwenda kwa anayeipasua.

Kliniki nazo zimuulize kila mjamzito kazi yake na ya mumewe. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito mwenye risasi nyingi mwilini, ambaye chakula chake kina upungufu wa kalisi, aongezewe kalisi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalisi nyingi, nao wanaanikwa hapohapo ufukweni. Wauzaji wakubwa wasiwamalizie wote kwenye magunia ya kwenda mbali.