Ijue Akiba ya Pumzi Yako



Sisi wa Gihundwe tuna jirani wawili wa kazi hapa Rusizi: chai ya Shagasha, na saruji ya Bugarama iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Anayechekecha majani makavu ya chai na anayejaza mifuko ya saruji hawafanyi kazi moja, lakini vumbi huwaingia kwa njia moja.

Tuitazame njia hiyo. Puani, nywele na ute hunasa vumbi nene. Hewa hushuka kooni, ikaingia katika bomba linalogawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu. La kushoto lina mbili, maana moyo umechukua nafasi. Matawi huzidi kugawanyika mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa, zaidi ya milioni 300. Humo damu huchukua oksijeni.

Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita tu kila pumzi. Lakini mwanamume mwenye afya akivuta kwa nguvu zote, aweza kupuliza nje lita 4 hadi 5. Mwanamke hupungua kiasi kwa sababu ya umbo. Lita moja hivi hubaki ndani daima. Daktari Mwingereza, John Hutchinson, alieleza chombo cha kupimia pumzi, yaani spirometa, mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000.

Hatari iko hapa: kwa kuwa akiba ni kubwa, mtu hupoteza sehemu yake asijue. Vumbi jembamba lisiloonekana hufika hadi vifukoni. Vumbi la mawe lenye silika huacha makovu yasiyo na dawa. Siku unapohema kwenye kilima ulichokizoea, akiba imekwisha kuliwa.

Basi tufanye nini? Sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa. Mashine zifunikwe pale vumbi linapotokea. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Tudai barakoa za kuchuja vumbi. Tena tudai kupimwa. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, wasema uangalizi wa afya ya mfanyakazi aliye katika hewa chafu usimgharimu yeye chochote.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe siku ya kuanza kazi, na nakala uitunze nyumbani. Bila namba hiyo, utathibitishaje kilichopungua?