Kontra Ikiisha Baraka: Kazi Inatafutwa Wapi?

Kwa karibu miaka 20, kazi iliyotamaniwa kuliko zote mjini Baraka, eneo la Fizi, Kivu Kusini, ilikuwa kazi ya shirika. Médecins Sans Frontières (MSF) walianza shughuli zao Fizi mwaka 2003. Oktoba 2005 meli kutoka Kigoma ikaanza kuwarudisha wakimbizi waliokuwa wameishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, Tanzania, tangu vita vya miaka ya 1990. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya kwao wakapokelewa katika kambi ya Lusenda, na baadaye Mulongwe. Kila wimbi la watu lilikuja na maghala, zahanati, visima na ofisi, na kila ofisi ilihitaji mlinzi, shofa, karani, muuguzi, mtunza ghala, mhamasishaji wa kijijini. Mshahara ulihesabiwa kwa dola na ulitoka mwisho wa mwezi. Mtu mmoja mwenye kontra alilipa kodi ya nyumba yake, karo ya watoto wa kaka yake, na mbegu za shamba la mama yake kule Nundu.

Milango hiyo imefungwa mmoja baada ya mwingine. Desemba 2020, baada ya timu zake kushambuliwa mara kadhaa, MSF ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya shughuli zake Fizi. Juni 30, 2024, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulimaliza kazi yake Kivu Kusini, na kambi zake zikaacha kuajiri wafasiri, wapishi na mafundi. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likaacha kufanya kazi. Pigo hilo lilikuwa zito kuliko yote, kwa sababu mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya fedha zote za misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zake zikafunga. Desemba vita vikafika Uvira.

Kwa hiyo mtu aliyepoteza kazi Baraka leo hayuko peke yake, na huo ndio ugumu wake. Wenzake mamia wamepoteza kazi ya namna ileile, katika miezi ileile, na wote wanabisha hodi kwenye ofisi chache zilizobaki.

Eneo hili limewahi kuyaona haya. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini mwa Uvira, kilisimama mwaka 1996, na vijiji vilivyokuwa vimejengwa kuzunguka mshahara wake vikabaki na miwa isiyo na mnunuzi. Septemba 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha mgodi wa dhahabu wa Namoya, Maniema, jirani kabisa na Fizi. Waliokuwa wamevaa kofia ngumu na viatu vya kampuni wakabaki bila kazi.

Wataalamu wa kazi wana mfano mmoja wa zamani wanaourudia mara nyingi. Marienthal, kijiji cha Austria, kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuangalia watu wanafanya nini. Mtu angetarajia kwamba wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kupanga zaidi. Waliyoyaona ni kinyume chake: vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua, wanaume walitembea polepole barabarani na kusimama kila baada ya hatua chache, na walipoulizwa siku imepitaje, wengi hawakuwa na la kusimulia. Umaskini uliwaumiza, na kupotea kwa mpangilio wa siku nako kuliwamaliza. Anayekaa chini ya mwembe Baraka tangu asubuhi, akingoja simu kutoka kwa meneja wake wa zamani, yuko katika hatari hiyohiyo. Miezi mingi ya kungoja humfanya mtu mwingine kabisa machoni pa anayetaka kuajiri, na machoni pake mwenyewe.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu huulizwa anatafuta kazi gani, naye hutaja cheo: msaidizi wa lojistiki, karani wa takwimu, mhamasishaji wa afya. Vyeo hivyo vilizaliwa ndani ya mashirika na vinaondoka pamoja nayo. Hakuna mfanyabiashara wa soko la Baraka anayetafuta msaidizi wa lojistiki. Lakini wapo wengi wanaopoteza mifuko ya unga, madumu ya mafuta na katoni za sabuni kila mwezi bila kujua vimepitia wapi, kwa sababu hawana anayejua kushika fishi ya stoku.

Kazi inayofaa hupatikana pale cheo kinapovunjwa kuwa vitendo. Zoezi lenyewe huchukua saa moja na karatasi moja. Aliyekuwa mtunza ghala aandike vitenzi tu: kupokea, kuhesabu, kupanga, kuandika, kulinganisha hesabu ya daftari na hesabu ya mkono, kugundua upungufu kabla haujawa wizi mkubwa. Kisha ajiulize ni nani ufukoni kati ya Swima na Kazimia anayehitaji vitendo hivyo na ana fedha za kuvilipia. Jibu litampeleka mahali ambapo hajawahi kupeleka barua ya maombi.

Fedha bado zinaingia Fizi, ila haziingii tena kwa njia ileile. Zinaingia kwa samaki, kwa mawese, kwa mihogo, kwa dhahabu, na kwa bidhaa zinazovuka ziwa kutoka Kigoma.

Ndagaa ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote, na inastahili kuangaliwa kwa makini. Wavuvi wa Tanganyika hufuata giza: usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, kwa hiyo ndagaa hujaa siku za mwezi mwandamo na kuadimika siku za mwezi mpevu. Mapato ya ufuo mzima hupanda na kushuka kwa mwendo huo. Yeyote anayeweza kuhifadhi mzigo wa usiku wa giza hadi wiki ya mbalamwezi anauza kwa bei nyingine. Kinachowashinda wengi ni ukaushaji. Ndagaa iliyoanikwa mchangani hubeba mchanga, hunyeshewa na kuoza, huliwa na kuku. Jirani tu, upande wa Burundi, FAO iliwafundisha wakaushaji wa ndagaa kutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na samaki waliopotea wakapungua huku bei ya walio safi ikipanda.

Mjini Baraka wapo watu waliotumia miaka wakiwafundisha wenzao usafi wa maji, kunawa mikono na kuweka klorini, kwa sababu kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa ufukoni hapo. Wanajua jinsi uchafu unavyosafiri kutoka ardhini hadi sahanini, na wanajua kusimama mbele ya akina mama 40 na kueleweka. Ujuzi huo ndio unaokosekana kwenye mialo ya ndagaa. Mhamasishaji aliyeachishwa anayeungana na wakaushaji 5, akajenga vichanja, akasimamia usafi na kutafuta mnunuzi wa machimboni, anafanya kazi yake ya zamani kwa jina jingine. Ajue pia kwamba ziwa lenyewe linahitaji kupumzika: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, katika mpango wa pamoja wa nchi 4 zinazolizunguka, na biashara isiyo na akiba ya miezi kama hiyo haitadumu.

Mawese yana hesabu inayofanana. Bei huanguka ngazi za mchikichi zinapoiva kwa wingi na hupanda zinapopungua, na aliyezoea ghala anajua thamani ya kungoja na gharama ya kungoja. Fundi wa jenereta wa shirika hana haja ya kutafuta jenereta nyingine: mashine za kusaga mihogo, injini za mitumbwi na paneli za sola za wavuvi huharibika kila wiki. Muuguzi ana njia nyembamba zaidi. Vituo vya afya vya serikali vinamhitaji sana, lakini wengi wanaofanya kazi humo hupata marupurupu madogo bila mshahara, kwa hiyo atalazimika kuchanganya zamu za kituo na kazi nyingine. Si haki, na wanaopanga bajeti ya afya Kinshasa wanapaswa kuambiwa hivyo kila mwaka.

Dhahabu inahitaji tahadhari. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia, na habari hiyo ilifika kwenye machimbo ya Misisi, Fizi, haraka. Vijana wenye diploma wanateremka mashimoni. Wengi hawajui utaratibu wa huko kabla ya kufika: mwenye shimo, anayeitwa PDG, huwalisha wachimbaji kwa mkopo hadi mshipa upatikane, na usipopatikana aliyechimba hubaki mikono mitupu. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hudhuru mishipa ya fahamu na figo polepole. Mvua nayo haina huruma: Septemba 11, 2020, shimo lilifurika na kuporomoka Kamituga na kuua makumi ya watu. Kwa aliyezoea hesabu na vipimo, nafasi ya maana Misisi iko juu ya ardhi, katika kuandika vitabu vya kooperative za wachimbaji, kwa sababu sheria ya madini ya mwaka 2018 inawataka wachimbaji wa mikono wajiunge na kooperative, na kooperative bila daftari ni jina tu.

Na kazi inasikika kwa nani? Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza wafanyakazi wa mji wa Newton, Massachusetts, walivyopata kazi zao. Zaidi ya nusu walizipata kupitia watu. Lakini wengi wa watu hao hawakuwa ndugu wala marafiki wa karibu. Walikuwa watu wa kukutana nao mara mojamoja. Sababu inaeleweka: ndugu na rafiki husikia habari zilezile anazosikia mtafutaji, na waliofukuzwa pamoja naye wanajua mlango uleule uliofungwa. Mwenye mtumbwi aliyewahi kusafirisha mizigo ya shirika, mama aliyeuza chakula nje ya geti, mshona nguo aliyerudi na cherehani yake kutoka Lugufu, hao ndio wenye habari mpya. Mikutano ya vikundi vya kuweka akiba, AVEC na likelemba, ina faida hiyo juu ya akiba yenyewe, kwa sababu mvuvi, mwalimu na muuza mafuta huketi pamoja kila wiki. Aliyeachishwa ambaye aliacha kwenda kwa aibu ya kukosa mchango anajifungia mlango mwingine kwa mkono wake. Wanachama wenzake wamwite arudi, hata kama atakaa bila kuchangia kwa muda.

Limebaki jambo la haki, na haliwezi kungoja. Kongo haina bima ya ukosefu wa kazi. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS, kwa sheria ya mwaka 2016, inashughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia tu. Ndiyo maana anachodai mfanyakazi siku anayoondoka ndiyo bima pekee aliyonayo. Sheria ya Kazi ya Oktoba 16, 2002 inampa mwenye kontra isiyo na ukomo notisi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyefanya miaka 4 anastahili siku 42 au malipo yake. Kontra yenye ukomo haizidi miaka 2 na kwa kawaida hufanywa upya mara moja tu. Hata kibarua wa siku ana ulinzi: akiwa amefanya kazi siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa kontra isiyo na ukomo. Mwajiri lazima pia atoe cheti kinachotaja kazi iliyofanywa na muda wake, bila neno la kumchafua mtu. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa mwenye ghala wa sokoni kwamba aliye mbele yake alihesabu mali ya watu miaka 6.

Mwajiri akigoma, njia ya kwanza ni kwa mkaguzi wa kazi, kabla ya mahakama. Aliyeachishwa na bado anadai mshahara asikubali kuambiwa arudi mwezi ujao, kwa kuwa dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipostahili kulipwa. Achukue kontra yake, karatasi za malipo na nakala za barua, aende wiki hii.