Mzee Anayesahau Si Mlozi

Wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, jambo hili mmeliona katika kambi. Mzee aliyefanya kazi miaka mingi mgodini anaanza kuuliza neno moja mara nne. Anapotea njia ya nyumba yake, usiku anatembea ovyo, kisha anashitaki mtoto wake kwamba amemwibia feza. Majirani wanasema amelogwa, ao, vibaya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ni mlozi. Kuna wazee waliofukuzwa nyumbani kwa ajili ya neno hilo.

Ule ni ugonjwa wa ubongo. Waganga wanauita demansi, na mara nyingi mizizi yake inaota wakati mtu angali na nguvu, kwenye miaka 40 ao 50.

Ubongo una uzito wa kilo 1,4 hivi, lakini unatumia karibu 20% ya oksijeni yote inayobebwa na damu. Damu hiyo inapita katika mishipa myembamba sana. Kama nguvu ya damu, ile tunayoita tansio, imepanda miaka mingi, mishipa inakuwa migumu, inaziba kidogo kidogo, na vipande vya ubongo vinakufa. Mwenyewe hasikii maumivu. Ndiyo maana wengi wanakataa dawa.

Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na gazeti la waganga The Lancet walitaja sababu 14 zinazoweza kupunguzwa. Walikadiri kwamba kama zote zingeondolewa, karibu 45% ya ugonjwa huu ungezuiwa ao kucheleweshwa. Tansio imo, na ugonjwa wa sukari, tumbako, kilevi cha kupita kiasi. Imo pia kuumia kichwa, na kupoteza masikio. Wewe unayeshika mashini ya kutoboa mawe, usifikiri basi kwamba kaske na vizibo vya masikio ni mambo ya kumpendeza shefu tu. Mtu asiyesikia vizuri anaacha kuzungumza na wenzake, na ubongo usiopata mazungumzo unalala.

Tuje kwa chakula. Bukari haina kosa. Kosa ni mlima wa bukari na mboga ya kulamba tu. Sombe, lengalenga, matembele, maharagi, samaki: hivyo vichukue nafasi kubwa zaidi katika sahani. Adui mkubwa ni munyu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ni kusema kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na munyu uliofichwa katika makayabo na katika kube za kukolezea mboga. Mama, loweka makayabo usiku kucha, na ubadilishe maji. Na baba asimwage munyu mezani kabla ya kuonja!

Lutuku tuiseme peke yake. Anayekunywa lutuku mahali pa kula anakosa vitamini B1, na ukosefu huo unaweza kuua sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya. Mtu wa namna hiyo hakumbuki aliyemsalimia asubuhi, na anabuni maneno ili kujaza pengo, bila nia ya kudanganya. Akipata sindano za B1 mapema anaweza kusaidika. Akichelewa, mara nyingi akili hairudi yote.

Kama nyumbani kuna mzee anayesahau, mpelekeni lopitali mbele ya kumpeleka mahali pengine. Kusahau kwingine kunatoka kwa ugonjwa unaotibika, kama ukosefu wa vitamini B12 ao ugonjwa wa tezi ya shingo, hata dawa fulani anazokunywa. Na wewe mwenyewe, siku ya kupimwa, omba muuguzi akuandikie tansio yako kwenye karatasi. Ikiwa 14/9 ao zaidi, rudi ipimwe tena siku nyingine. Ukipewa dawa, usiiache siku unapojisikia mzima: umejisikia mzima kwa sababu unaikunywa.