Shule za vipaji: Zinapata watoto wenye fikra au zinawanyoosha?

SOKO la Kashikishi huamka mapema. Jua halijapanda vizuri juu ya Ziwa Mweru, chisense imekwisha anikwa mchangani na akina mama wa pande zote mbili za mpaka wanabishana bei kwa Kibemba, kwa Kiswahili na kwa vidole.

Hapo ndipo mama mmoja mfanyabiashara, ambaye tunafahamiana tangu kambi ya wakimbizi ya Kala kule Kawambwa, aliponivuta pembeni. Binti yake amefaulu mtihani wa kuingia shule kubwa ya bweni, mbali na ziwa. Tangu Januari 2022 shule za Serikali ya Zambia hazitozi ada, hivyo ya jirani angesoma bure. Ile ya mbali ni ya kulipa, na shule hufunguliwa Januari, wakati uvuvi upande wa Zambia umefungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Atalazimika kuuza wavu mmoja kati ya miwili aliyonayo.

“Fedha nitaitafuta, Mwalimu,” aliniambia. “Ninaogopa kitu kingine. Kaka yake alikwenda shule ya namna hiyo akiwa mtundu, anafungua redio, anauliza maswali mpaka unachoka. Amerudi na cheti kizuri, lakini anakaa kimya, anangoja kuambiwa la kufanya. Sasa huyu naye nimpeleke?”

Sikuwa na jibu la haraka. Tena swali lenyewe si geni katika mwambao huu.

Ukitoka Nchelenge kwenda kusini, ukapita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, utafika Mbereshi. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo hapo mwaka 1900. Mwaka 1915 alifika Mwingereza Mabel Shaw, akaendesha shule ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1940, miongoni mwa shule za mwanzo za aina hiyo katika Rhodesia ya Kaskazini. Kupata nafasi pale ilikuwa heshima. Wasichana walijifunza kusoma na kuandika, lakini shabaha ilikuwa nyumba ya Kikristo: mke wa mwalimu, wa karani au wa mhubiri.

Mama Shaw hakuwa mtu wa kudharau mila. Alizichukua desturi za hapa akazivika vazi la kanisa, na mwaka 1932 akatoa kitabu juu ya kazi yake, God's Candlelights. Lakini aliyechagua mila ipi ibaki na ipi itupwe alikuwa yeye, si wale wasichana.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema elimu ya namna hiyo huzaa kasuku tu. Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, kabla ya kutawala mwaka 1941 alikuwa karani Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Karani hulipwa kwa kunakili aliyoandikiwa na mkubwa wake. Lakini kalamu ile ile ndiyo iliyoandika kwa Kibemba historia ya Walunda wa Kazembe, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi.

Tanzania nayo ina somo. Shule ya Tabora ilianzishwa na wakoloni kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wawe watawala watiifu. Humo alipita Julius Nyerere! Lakini Oktoba 1966, yeye akiwa Rais, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kukatwa mishahara. Nyerere aliwafukuza karibu 400. Wapo wanaowaita mashujaa. Mimi naona walikuwa wakidai kile ambacho kila msomi wa wakati ule alikitazamia, na kupiga kelele kwa pamoja si lazima kuwe ni kufikiri.

Miaka michache baadaye chuo hicho hicho kilikuwa na kundi la USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, na jarida lao Cheche ambalo Serikali ililipiga marufuku mwaka 1970. Majengo hayakubadilika. Kilichobadilika ni watu waliokutana pale: Waganda, Wasudani, wapigania uhuru kutoka kusini, na mwalimu kama Walter Rodney aliyekubali kubishiwa.

Kwetu Congo, Mobutu alilijua hilo vizuri. Juni 1971 aliwaingiza jeshini wanafunzi wa Lovanium, na mwaka huo huo akaunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja.

Likizo ya Agosti vijana huja kwangu kwa masomo ya ziada. Niliwapa insha: “Siku ya soko.” Watatu wa shule moja ya bweni, yenye sifa kubwa, waliniletea kazi safi isiyo na kosa la sarufi, na zote tatu zilianza kwa mawingu meupe na ndege wakiimba. Binti wa shule ya kutwa aliandika jinsi mchuuzi anavyobonyeza ndani chini ya kopo la kupimia ili chisense ipungue. Sarufi ilikuwa mbovu, lakini nilisoma mara mbili.

Nadhani kosa huanzia mlangoni. Mtihani wa kuingia humpenda mtoto asiyekosea, na mtoto asiyekosea mara nyingi ni yule asiyejaribu. Wabunifu huingia pia, kwa kuwa wana akili, kisha hujifunza upesi kwamba mwenye kuuliza sana hucheleweshea wenzake mtaala.

Sisi kule Kala tulikuwa na vitabu vichache, hivyo tulibishana sana. Sisifu shida, wenzangu wengi wenye vichwa kuliko changu waliishia hapo kwa kukosa cheti.

Kwa hiyo nilimwambia mama ampeleke, ila kwanza aende mwenyewe, akae siku nzima, asikilize darasani nani anauliza maswali: mwalimu peke yake, au na watoto. Alicheka. “Mimi, muuza samaki, niende kumkagua mwalimu?”

Alikwenda. Aliporudi alisema hesabu waliuliza watoto, historia hakuuliza mtu. Wavu ameuza kwa mvuvi wa Kilwa, ile ya Congo. Ameniomba nimfundishe binti yake historia kila likizo, na malipo tumekubaliana yawe chisense.