Kabasha Haimsamehe Mwenye Kifuniko Kibovu

Dereva anayetoka Goma kwenda Buleusa, kule Walikale, huogopa matope ya mwisho wa safari. Mimi ningeogopa mpando wa Kabasha kwanza. Chini yake, uwanda wa Rwindi uko kwenye mita 1,000 hivi. Juu yake, Kanyabayonga inakaribia 2,000, na Fuso iliyosheheni hupanda kwa gia ndogo, injini ikinguruma huku gari likitambaa. Upepo wa mwendo haupo. Rejeta imebaki na feni tu, na mkanda wa feni ukilegea, mvuke utakupa habari.

Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni habari ya pwani. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Waulize akina mama wa Kanyabayonga maharagwe yanakaa jikoni muda gani. Sasa, injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Inaponea wapi? Kwenye kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, maji yanatoroka kidogo kidogo, na dereva anailaumu pampu. Kifuniko kilichozibwa kwa kipande cha tyubu hakibani kitu.

Mbele zaidi, baada ya kijiji cha Miriki, matope nayo yanashika zamu: yanaganda kwenye mapezi ya rejeta, hewa haipiti. Yaoshwe kutoka upande wa injini kuja mbele, yatoke yalikoingilia. Na maji ya mto yanayojazwa kwa bidoni huleta udongo ndani ya vimirija. Ya mvua ni afadhali.

Mafundi wengine hung'oa themostati wakidhani wameponya. Hawajaponya: asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na rejeta iliyoziba ingali imeziba.

Gari likichemka, zima, usiguse kifuniko, subiri. Maji ya baridi kwenye injini ya moto hupasua hedi. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi imekwisha, na hapo hakuna bidoni ya kukuokoa.

Utakapokuwa umekaa kando ukisubiri injini ipoe, pikipiki zitakupita na magunia yake. Hazina rejeta, hupozwa na upepo. Lakini mtazame dereva wake akifika kileleni: naye anaegesha, anazima, anashuka.