'Fainali', 'mikondo' au 'msururu'?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili mjini Malindi ameniuliza: World Series, mashindano yanayofunga msimu wa besiboli ya kulipwa Marekani, tuyaiteje? Wanafunzi wake wameandika "fainali ya dunia", naye hakuridhika. Hata mimi sijaridhika.

Kwanza tuyajue mashindano yenyewe. Timu mbili hukutana hadi mara 7. Inayotangulia kushinda mechi 4 ndiyo bingwa. "Fainali", ambayo wengi wetu huielewa kuwa mechi moja tu, haitoshi. Na "dunia" je? Ligi yenyewe ina timu za Marekani na moja ya Kanada basi!

Tuseme "mikondo"? Mvuvi wa Kilifi anajua mkondo ni maji yaendayo: kilichobebwa huku huibukia kule. Watangazaji wa soka hawakukosea kuliazima neno hili, maana mabao ya mkondo wa kwanza huingia katika hesabu ya wa pili. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka 1-1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini. World Series haina hesabu hiyo. Mwaka 1960 New York Yankees walizoa jumla ya pointi 55, Pittsburgh Pirates 27, na bado Pirates wakawa mabingwa kwa mechi 4 dhidi ya 3! Kila mechi husimama peke yake.

Yamebaki "mfululizo" na "msururu", maneno ambayo wengi huyachanganya. Hapa pana mtego. Ukisema timu "imeshinda mechi 4 za mfululizo", je, imeshinda 4 bila kukatizwa, au 4 kati ya zile 7? "Mfululizo" tayari lina kazi yake ya kuonyesha kutokatizwa, tusilitwike nyingine. Msururu ni vitu vilivyopangika kimoja nyuma ya kingine, kama magari darajani Kilifi: foleni moja, lakini kila gari na dereva wake.

Napendekeza basi "msururu wa fainali". Mwanafunzi ataweza kuandika hivi bila kumtatiza mtu: "Katika msururu wa fainali wa 2024, Los Angeles Dodgers waliwalaza Yankees mara 3 mfululizo, wakateleza mechi ya 4, kisha wakamaliza kazi katika ya 5." Ukiyabadilisha nafasi maneno hayo mawili, sentensi inaharibika.